Hatua 96

Nilihesabu hatua 96. Nilianzia kwenye kilele cha mwinuko, pale ambapo dereva aliyekaa juu ya lori huanza kuona upande wa pili wa barabara, nikateremka kwa miguu hadi pale pua ya lori langu ilipokuwa imejibana kwenye bodi la lori lililoharibika. Hatua yangu ndefu ni kama sentimita 80. Kwa hiyo tangu mahali nilipoweza kuliona lile lori hadi mahali nilipoligonga palikuwa na mita 77 hivi.

Alama nyeusi za matairi zilianzia kwenye hatua ya 52. Nilisimama hapo kwa muda, nikatazama nyuma. Lami kutoka kileleni hadi miguuni pangu ilikuwa safi, haina hata mkwaruzo. Zaidi ya nusu ya nafasi niliyokuwa nayo ilikwisha kabla breki hazijashika. Nilikuwa na miaka 9 kwenye usukani wa malori makubwa, na muda wote huo niliamini kwamba nikikanyaga breki gari linasimama. Sikuwahi kujiuliza linasimama wapi.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limetoka, barabara kavu. Tulikuwa tumeshusha mzigo, tunarudi na tela tupu. Nilikuwa kwenye kilomita 70 kwa saa mahali panaporuhusiwa 80. Sikuwa na usingizi, simu ilikuwa mfukoni, sikuwa nimekunywa kitu. Nayataja haya kwa sababu nawajua madereva wenzangu. Tukisikia habari ya ajali, kwanza tunatafuta kosa ambalo sisi hatulifanyi, na tukilipata tunashusha pumzi. Mimi pia nilikuwa hivyo. Katika ajali yangu kosa la namna hiyo halikuwepo, ndiyo maana ilinichukua muda mrefu kuielewa.

Lile lori lilikuwa limekufa kwenye mteremko upande wa pili wa kilele, nusu ndani ya lami, nusu nje. Halikuwa na pembetatu nyuma yake. Dereva wake alikuwa amechuchumaa kwenye tairi la nyuma analegeza nati. Nilipotambua kwamba limesimama nilikanyaga breki mpaka mwisho. Tela tupu likaanza kurukaruka, matairi yake yakajifunga, na mkia ukaanza kutoka kuelekea upande wa magari yanayokuja. Yule mtu alisikia matairi yakilia, akajirusha mtaroni. Tukagonga. Utingo wangu, ambaye hakuwa amefunga mkanda, alivunjika mkono alipojizuia kwenye dashibodi. Yule wa mtaroni alitoka na michubuko tu. Spana yake ilibaki inaning'inia kwenye nati aliyokuwa akiifungua. Nikiikumbuka siku ile, hiyo spana ndiyo ninayoiona kwanza, kabla ya kioo kilichopasuka, kabla ya bampa, kabla ya kitu kingine chochote.

Nilipoulizwa kimetokea nini, neno la kwanza lililonitoka lilikuwa, "Breki zimekataa." Nililisema nikiamini hivyo kabisa. Breki zikakaguliwa siku ile ile zikakutwa nzima, matangi ya upepo yamejaa, magurudumu yote yanashika. Nilikuwa nimetamka jambo lisilo kweli bila kujua kwamba si kweli. Ndipo niliporudi kileleni nikaanza kuhesabu.

Baadaye nilipelekwa kwenye mafunzo ya kurudia. Mwalimu wetu alikuwa mtu mzima aliyekwisha kuendesha mabasi na malori kabla ya kushika chaki. Siku ya kwanza nilimpa namba zangu mbili, 96 na 52. Hakunilaumu wala hakunipa pole. Alivuta karatasi akaanza kuandika.

Kilomita 70 kwa saa, aliniambia, ni mita 19 na nusu kwa kila sekunde. Mita 42 zilizokwisha kabla ya alama ni sekunde 2 na kidogo. "Tuzitafute hizo sekunde, mwanangu. Zimekwenda wapi?"

Ya kwanza iliondoka kwenye macho na kichwa. Lori unaloliona kwa nyuma halikuambii kama linatembea au limesimama. Ni umbo lile lile, taa zile zile, bodi lile lile. Unalijua limesimama pale linapoanza kukua haraka kuliko kawaida, na mpaka kichwa kikubali hivyo, muda umepita. Nilikuwa nimeliona tangu kileleni, na ninakumbuka nilifikiri, lori lile mbele linakwenda taratibu. Hilo wazo moja dogo lilinila mita 20 au zaidi.

Kisha mguu. Kuutoa kwenye mafuta, kuupeleka kwenye breki, kuukandamiza. Hata kwa mtu mwepesi ni zaidi ya nusu sekunde.

Kisha upepo, na hapa ndipo nilipojionea aibu, kwa sababu gari langu nililijua kwa miaka na jambo hili sikuwahi kulitia maanani. Kwenye gari dogo breki ni za mafuta, na ukikanyaga, nguvu inafika kwenye gurudumu karibu papo hapo. Breki za upepo hazifanyi hivyo. Pedali inafungua vali tu. Upepo unatoka kwenye matangi, unasafiri kwenye mabomba, unaingia kwenye chemba ya kila gurudumu, unasukuma fimbo, fimbo inazungusha kamu, na kamu ndiyo inayotanua breki shuu zikabane ngoma, lile duara la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu. Safari hiyo ni kama nusu sekunde, na magurudumu ya nyuma ya tela, yaliyo mbali zaidi, ndiyo ya mwisho kupata habari. Nusu sekunde kwa mwendo wangu ni karibu mita 10. Lori halijaanza kupungua hata kidogo, na mguu wangu tayari uko chini kabisa.

Baada ya hapo ndipo breki zenyewe zinaanza kazi, na kazi yao haiongezeki kwa kipimo kile kile cha mwendo. Ukizidisha mwendo mara mbili, umbali wa breki unazidi mara nne. Lori ambalo kutoka kilomita 40 kwa saa breki zake zinahitaji kama mita 12, kutoka kilomita 80 zitahitaji kama 49. Hapo bado hatujahesabu zile sekunde 2.

Mwalimu alichora mistari mitatu, yote inaanzia kwenye kilele changu na yote ina lori lililoharibika kwenye mita 77. Mstari wa kwanza alisema dereva yuko kwenye 60. Anaona, anashangaa, anakanyaga, kila kitu sawasawa na nilivyofanya mimi, na anasimama akiwa amebakiza kama mita 14. Angeshuka akamuuliza yule bwana kama anahitaji msaada. Mstari wa pili ni mimi, kwenye 70, ninagonga nikiwa na kilomita 18 hivi kwa saa. Mstari wa tatu ni dereva mwenye 80, ule mwendo halali kabisa kwa barabara ile, dereva ambaye nilikuwa nikijisifu kwamba mimi ni mtulivu kuliko yeye. Huyo anafika kwenye lori akiwa bado na kilomita 50 kwa saa.

Niliutazama ule mstari wa tatu mpaka wenzangu wakaenda kunywa maji. Kilomita 10 za nyongeza zingeigeuza ajali ya bampa kuwa ajali ya msiba. Hesabu hii haijali umeendesha miaka mingapi. Nimeifanya mara nyingi tangu siku ile, kwa mwendo tofauti na umbali tofauti, na kila mara jibu linakuwa la namna ile ile. Mahali ambapo gari la 60 limesimama kimya, gari la 80 linapita likiwa bado na sehemu kubwa ya mwendo wake, kwa sababu ile nafasi ambayo mwenzake aliitumia kushika breki, yeye aliitumia kushangaa.

Na hizo ni namba za barabara kavu na matairi mazuri. Mvua inaweza kuuzidisha umbali wa breki mara mbili. Dakika za kwanza za mvua baada ya kiangazi ndizo mbaya zaidi, kwa sababu maji yanainua mafuta na vumbi lililolala kwenye lami, yakachanganyika kuwa kama sabuni. Mvua ikinyesha sana kwa muda barabara huoshwa na mshiko hurudi kiasi. Mimi mvua ikianza tu nashusha theluthi ya mwendo wangu. Wanaonipita wanapiga honi, sawa.

Kuna jambo la tela tupu, ambalo madereva wengi huligeuza kichwa chini miguu juu. Tunadhani gari jepesi linasimama haraka. Breki za lori zimeundwa kwa ajili ya mzigo kamili, springi pia. Tela likiwa tupu, uzito unaoyakandamiza matairi chini ni mdogo, springi ni ngumu kupita kiasi, matairi yanarukaruka, na nguvu ile ile ya breki inayofaa kwa tani 30 inayafunga magurudumu mara moja. Gurudumu lililojifunga halizunguki, linateleza, na tela linaloteleza hufuata njia yake lenyewe. Kama lori lako lina mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge, utabaki na usukani mkononi, na hilo ni jambo kubwa. Lakini usidhani mfumo huo umekuja kukufupishia barabara. Lori langu la siku ile halikuwa nao. Nilipokanyaga mpaka mwisho, kwa kweli nilikuwa nimezitupa breki za tela. Ningekanyaga kwa nguvu hadi kabla ya magurudumu kujifunga na kuishikilia hapo, pengine ile mita mbili au tatu iliyopungua ingepatikana.

Toka kwenye mafunzo yale nilianza kuhesabu sekunde badala ya kukadiria mita, kwa sababu jicho la mtu aliye juu ya kichwa cha lori ni shahidi mbaya wa mita. Gari la mbele likipita kwenye nguzo au kivuli cha mti, naanza: mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu, mpaka pua yangu ifike pale pale. Kanuni niliyofundishwa ni sekunde 1 kwa kila mita 3 za urefu wa gari, na ukivuka mwendo wa kama 60 unaongeza sekunde 1. Lori na tela lake la mita 18 linahitaji sekunde 7. Kwenye 80 hizo ni zaidi ya mita 150, na mara ya kwanza ukiziacha utahisi umeachwa nyuma na dunia nzima.

Watu wataingia kwenye hiyo nafasi. Hili ndilo lalamiko la kila dereva ninayemfundisha, na ni lalamiko la haki. Gari dogo linapita, linachomeka mbele yako, sekunde 7 zinakuwa 3. Unafanya nini? Unaondoa mguu kwenye mafuta, unaijenga nafasi upya. Akiingia mwingine, unaijenga tena. Nilianza kuwahesabu. Hata wakiingia 30 katika safari, na kila mmoja akanipotezea sekunde 4, hizo ni dakika 2. Nimewahi kupoteza muda zaidi ya huo nikitafuta karatasi za mzigo. Kitakachokutesa ni hasira. Dereva anaona nafasi ile ni mali yake na kila anayeingia ni mwizi, basi anaifunga. Nilikuwa hivyo pia, na ninajua moyo unavyokwenda mbio.

Lakini hesabu za umbali zote zinaanza pale unapoona, na nilikuja kugundua kwamba kuona ndiko kulikonishinda kuliko breki. Kilele cha mwinuko ni hatari hata kama hakuna kitu nyuma yake, kwa sababu hujui. Ningeinua mguu mita 200 kabla ya kilele, nikafika juu na 55, na mguu tayari uko juu ya pedali ya breki bila kuikanyaga, ningeokoa mwendo na muda pamoja. Huo mguu unaongoja juu ya breki unakata zaidi ya nusu sekunde kwenye hesabu. Ndio msaada wa bei rahisi kuliko wote uliomo ndani ya gari.

Sasa natazama mbele sekunde 12 hadi 15, yaani pale nitakapokuwa baada ya muda huo, kisha narudisha macho karibu, vioo, mbele tena. Kwenye 80 hizo ni kama mita 300. Mwanzoni inachosha. Baada ya miezi inakuwa kama kusoma, na barabara huandika mambo mengi kabla hayajatokea.

Basi limesimama kando, natazama chini yake kabla ya kutazama mbele yake. Miguu huonekana kabla ya mtu. Watoto wawili wako upande huu na mwenzao mmoja upande ule, wanaitana, basi mmoja atavuka, kinachobaki ni lini. Ng'ombe au mbuzi mmoja akishavuka, mimi simhesabu huyo, nahesabu waliobaki nyuma. Gari lililoegeshwa lina moshi kwenye bomba na magurudumu ya mbele yamepinda kuelekea barabarani, halijaegeshwa hilo. Mwendesha pikipiki anageuza kichwa kutazama begani, anataka kuingia, taa ya ishara itakuja baadaye au haitakuja. Mtu anatembea kwenye mvua amejifunika kichwa, hanioni na hanisikii, na dimbwi lililo mbele yake atalikwepa kwa kuingia kwenye lami. Gari la mbele yangu halijawasha taa za breki, lakini la tatu mbele yake limewasha, nami niko juu, naona juu ya mapaa yao, kwa hiyo sina sababu ya kumsubiri wa karibu.

Kuna ishara moja niliyoipenda tangu ajali yangu: alama za matairi za wengine. Nikiona mistari myeusi kabla ya kona au kabla ya kilele, najua pale kuna mtu aliyeona jambo akiwa amechelewa. Mara nyingi kuna sababu pale pale, njia ya kuvukia iliyojificha, lango la kutokea malori, kona inayobana kuliko inavyoonekana. Nilikuwa nazipita kama uchafu. Sasa kila mstari mweusi kwangu ni mtu aliyeniachia habari.

Kuhusu simu nitasema namba tu. Macho yakiondoka barabarani sekunde 2 kwenye 80, umekwenda mita 44 bila dereva. Kusinzia kwa sekunde 4 ni karibu mita 90. Na mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anafanya kazi kama mtu mwenye kiasi cha pombe mwilini ambacho nchi nyingi zinakikataza kwa dereva. Kuteremsha kioo na kupandisha sauti ya redio hakumwamshi. Anayeweza kumwamsha ni usingizi wenyewe.

Usiku ulinisumbua kwa namna nyingine. Taa za chini zinakuonyesha mita 50, labda 75 zikiwa safi na zimepangwa vizuri. Lori kwenye 80 linahitaji kama mita 95 kusimama kwenye barabara kavu, dereva akiwa macho makavu. Toa hiyo kwenye ile. Kila usiku niliokuwa nikipishana na magari nikiwa na taa za chini kwenye 80, nilikuwa nikiendesha kwenye barabara ambayo sikuiona. Haikuwahi kunigharimu kwa sababu hakuna aliyelala mbele yangu usiku ule. Siku hizi nikishusha taa nashusha na mwendo, na vioo vya taa navifuta kila tunaposimama.

Mteremko niliufundishwa na mzee niliyekuwa utingo wake, na namshukuru kwa mengi, ila kwa jambo moja nimelazimika kumpinga. Aliniambia, gia uliyopandia mlima ndiyo ya kuteremkia. Kwa malori ya zamani zake ilikuwa kweli. Malori ya sasa yana injini zenye nguvu, yanapanda kwa gia kubwa, na maumbo yake yanakata upepo kwa urahisi, kwa hiyo hakuna kinachoyazuia yakielekea chini. Ukiteremka na gia uliyopandia unajikuta unaegemea breki njia nzima. Chagua gia ndogo zaidi, na uichague kabla ya ukingo wa mlima, maana ukishaanza kuteremka na mwendo umekolea, gia ndogo haitaingia, na ukiijaribu unaweza kubaki nyutro ukiwa huna kitu.

Kwenye mteremko mrefu acha injini ikushike, na breki ziwe msaidizi. Kama mwendo salama ni 40, ukifika 40 kanyaga kwa nguvu ya kutosha mpaka ushuke kwenye 32 hivi, kisha achia kabisa, mwendo ukirudi 40 rudia. Kukanyaga kidogo kidogo bila kuachia kunaonekana kwa upole lakini ndiko kunakozipika breki. Ngoma ikipata moto inatanuka, inasogea mbali na breki shuu, fimbo inalazimika kwenda mbali zaidi kuifikia, na siku breki hazijakazwa vizuri, inafika mwisho wa safari yake kabla haijabana. Hapo pedali iko sawa, geji ya upepo iko sawa, na gari haliitikii. Harufu hutangulia. Ukiisikia na bado una mwendo mdogo, tafuta pa kusimama, weka kigingi kwenye tairi, ngoja zipoe zenyewe. Usimwage maji kwenye ngoma ya moto, inaweza kupasuka.

Ndiyo maana ukaguzi wa asubuhi siufanyi mbio. Kukaza breki, kutoa maji yaliyojikusanya ndani ya matangi ya upepo, kutazama kama kuna tairi kipara, kusikiliza kama kuna upepo unaovuja. Mambo haya yote yanakula kwenye zile mita, na hakuna atakayekuambia ni ngapi mpaka siku unapozihitaji.

Sasa nami nafundisha. Namba za ubaoni zinaingia sikio hili na kutokea lile, nimeliona hilo, kwa hiyo natumia mawe. Tuna uwanja mpana usio na magari. Kila dereva anaokota jiwe lake, anaambiwa atakuja kwa kilomita 40 kwa saa, na nikiangusha kitambaa kwenye mstari ashike breki. Aweke jiwe pale anapodhani bampa lake litasimama. Wengi wanaweka kwenye mita 12, 15, wachache 20. Wanajua kitambaa kitaanguka, wako macho, miguu iko tayari, hakuna la kuwashangaza, na bado wanasimama karibu na mita 30. Kisha tunatembea pamoja kutoka kwenye jiwe hadi kwenye bampa, na siwaambii neno. Kimya cha kutembea zile mita 15 nimekiona kwa madereva wa mwaka 1 na wa miaka 25. Mmoja, mtu mzima kunizidi, alilirudisha jiwe lake mahali pa kwanza akasimama juu yake, akanyoosha mkono mbele yake kama anapima urefu wa mtoto, akaushusha. Hakusema kitu na mimi sikuuliza.

Mwezi uliopita nilisafiri na kijana niliyemfundisha, mimi nikiwa kwenye usukani. Tulikuta basi limesimama upande wa pili, milango wazi. Nikatazama chini yake nikaona miguu miwili midogo nyuma ya gurudumu. Nikaondoa mguu kwenye mafuta, nikaushikilia juu ya breki, tukapita taratibu, karibu mwendo wa mtu anayekimbia. Ile miguu haikusogea. Tulipolipita basi niliona kwenye kioo mtoto amesimama ameshika mkono wa mtu mzima, anangoja.

"Hakutoka mtu, mzee," kijana aliniambia.

"Nimeona," nikamwambia, nikabadili gia, tukaendelea.